Watoto wanataka kare, baba yao ana presha: nipike vipi?

SWALI

Asalaam aleikum ndugu wa safu ya jikoni,

Sisi ni familia ya Kiislamu kutoka Tanga, tunaishi Nagoya, Japani, mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita mume wangu alipimwa kazini kwenye ule uchunguzi wa afya wa kila mwaka. Presha ilisoma 148 kwa 94, na lehemu iko juu. Daktari amempa miezi mitatu arekebishe chakula, hasa chumvi, kabla ya kumuanzishia dawa.

Kinachonishinda ni kare raisu, yaani wali kwa mchuzi mzito wa kare wa Kijapani. Wanangu wana miaka 6 na 9. Siku ya kare shuleni nawafungia bento (chakula cha kubeba) inayofanana na ya wenzao, na nyumbani tunaila mara mbili kwa wiki. Natumia ruu, vile vipande vigumu vya unga, mafuta na viungo vya kuzitisha mchuzi, ya boksi la gramu 230 lenye trei mbili. Trei moja yote inaingia kwenye sufuria ya watu wanne.

Nimejaribu kupunguza ruu nusu, ikawa majimaji na haina ladha. Nikatia asali mwishoni, nikaonja, nikaonja tena, baada ya muda ikazidi kuwa supu. Nikaacha ruu kabisa nikapika kwa tui la kopo na bizari niliyoletewa kutoka nyumbani. Baba yao alifurahi, watoto wakasema huu ni mchuzi wa bibi, siyo kare. Mwisho nikabadili mchele nikapika genmai, mchele usiokobolewa, ukatoka mgumu kama changarawe.

Je, naweza kutengeneza ruu mwenyewe bila mafuta yote yale? Chumvi niikate wapi? Na boksi ninalonunua ni lile nililoonyeshwa na jirani kuwa halina nguruwe. Yakibadilishwa maboksi rafuni, nitajuaje mwenyewe?

Mama wa Wawili, Nagoya

JIBU

Wa aleikum salaam, dada.

Tuanze na hiyo trei yako, maana chumvi nyingi iko hapo. Trei ya gramu 115 imepangiwa sahani 6. Wewe unaigawa kwa 4, kwa hiyo kila mmoja anapata karibu gramu 29 za ruu. Jedwali la taifa la Japani la virutubisho vya vyakula linaonyesha kuwa gramu 100 za ruu ya kawaida zina mafuta gramu 34 na chumvi gramu 10.6. Piga hesabu: sahani ya mume wako ina chumvi gramu 3 na mafuta karibu gramu 10, na hapo hatujamgusa kuku, ngozi yake wala achari ya pembeni. Mtu mwenye presha nchini Japani huelekezwa abaki chini ya gramu 6 za chumvi kwa siku nzima. Sahani moja imeshakula nusu yake. Mwanao wa miaka 9 naye, kiwango cha chakula cha shule kwa umri wake ni chini ya gramu 2 za chumvi kwa mlo.

Usidanganywe na neno amakuchi, yaani ladha tamu ya watoto. Amakuchi ina pilipili kidogo na mara nyingi sukari zaidi. Chumvi yake ni ileile au karibu na hapo.

Sasa kwa nini kukata nusu hakukusaidia. Kipande cha ruu kinafanya kazi nne kwa mpigo: kinauzitisha mchuzi, kinatia chumvi, kinatia viungo, na kinatia mafuta yanayoufanya mchuzi ujae mdomoni. Ukikata nusu, umekata zote nne. Dawa ni kuzitenganisha hizo kazi na kila moja kuitafutia mfanyakazi wake. Uzito utoke kwenye unga na mbatata, ladha kwenye kitunguu, nyanya, uyoga na kombu (mwani mkavu wa baharini), viungo kwenye unga wa kare usio na chumvi. Chumvi utaitia mwenyewe, kwa kijiko unachokiona.

Asali nayo ilikuhujumu kwa sababu nyingine kabisa. Asali mbichi ina kimeng'enya kinachokata wanga, na wanga ndio ulioushika mchuzi wako. Ukiitia mwishoni bila kuichemsha vya kutosha, inaendelea kula uzito sufuriani hata moto ukishazimwa. Mate yana kimeng'enya cha kazi hiyohiyo. Kijiko kilichotoka mdomoni kikarudi sufuriani mara tatu nne kinatosha kuilegeza kare, na watu huishia kuulaumu unga. Asali itie mapema pamoja na maji, ichemke dakika 20 au zaidi kabla ya unga kuingia, na uonje kwa kijiko safi kila mara. Kwa kweli katika mapishi yafuatayo hutaihitaji, kwa kuwa tufaha linatosha.

Na tui? Tunajua litakuuma hili. Kopo la mililita 400 la tui zito lina mafuta kama gramu 60, na mengi ni yale yanayoganda. Trei yako nzima ya ruu ina gramu 39. Ulipoikimbia ruu ukaangukia kwenye mafuta mengi zaidi, ingawa chumvi ilipungua. Mchuzi wa nazi ubaki kuwa mchuzi wa nazi, upikwe siku yake.

Ruu kavu

Vipimo hivi ni vya watu wanne. Kijiko kikubwa ni mililita 15, cha chai ni 5.

Unga wa ngano vijiko vikubwa 4 vya kusawazisha, gramu 36. Unga wa kare usio na chumvi vijiko vikubwa 1½, gramu 9; ule wa mkebe mwekundu unaouzwa kila duka hapo Japani hauna chumvi, lakini soma nyuma ya unaoununua.

Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, mimina unga peke yake, uusukume kwa mwiko wa mbao bila kuacha. Dakika 3 za mwanzo hutaona kitu. Kisha harufu ya unga mbichi inaondoka, inakuja ya biskuti. Kati ya dakika ya 8 na ya 10 rangi inakuwa ya karanga iliyomenywa. Zima moto hapo. Sasa ndipo utie unga wa kare, uchanganye kwa joto lililobaki kikaangoni kwa sekunde 30 hadi 40, kisha uumimine wote kwenye sahani baridi. Wengi huharibu hapa kwa kutia unga wa kare tangu mwanzo: manjano na bizari nyembamba huungua mapema kuliko ngano, na uchungu wake hautoki tena hata utie sukari. Wengine huuacha kikaangoni baada ya kuzima, unaendelea kukolea hadi unaungua.

Unga unavyozidi kukaangwa ndivyo nguvu yake ya kuzitisha inavyopungua, kwa sababu moto mkavu unavunja wanga. Ndiyo maana hatukwambii uufikishe kwenye rangi ya kahawa. Ukipenda rangi hiyo, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha unga.

Katika ruu ya boksi, kila chembe ya unga imevishwa mafuta, kwa hiyo inasambaa kwenye mchuzi wa moto bila kushikana. Yako haina vazi hilo. Ukiimwaga kavu kwenye mchuzi unaochemka, nje ya kila donge itaiva na kufunga, ndani kubaki unga mkavu. Ifanyie kama unga wa uji: ikoroge kwanza kwa mililita 150 za maji ya kombu yaliyopoa, kidogo kidogo, hadi iwe laini kabisa, na kama una chujio la chai ipitishe humo.

Hiyo bizari ya nyumbani usiitupe. Kare ya Kijapani ina harufu mbili ambazo bizari ya mchuzi ya pwani mara nyingi haina au inazo kwa uchache: uwatu, ambao ukipata joto hutoa utamu kama wa sukari iliyoungua, na ganda la chenza lililokaushwa, Wajapani wanaliita chinpi. Kwa vijiko vikubwa 1½ vya bizari, ongeza robo kijiko cha chai cha uwatu uliosagwa na nusu kijiko cha chai cha ganda la mikan, chenza la Kijapani, ulilolikausha na kulisaga. Uwatu ukizidi hapo unakuwa mchungu mdomoni kama dawa. Iliki na mdalasini zikitawala, watoto wataijua tena ni ya bibi.

Sufuria

Usiku wa kuamkia, loweka kombu gramu 5 na uyoga wa shiitake wakavu 2 katika maji mililita 600, uweke friji. Asubuhi toa kombu kabla ya kupasha moto. Ikichemshwa humo inatoa ute na ladha ya bahari iliyopitiliza. Shiitake wakate vipande wabaki.

Hapa pana mtego unaonasa watu wengi wanaojaribu kupunguza chumvi. Wanaacha ruu, halafu wanatia dashi (supu ya Kijapani) ya chengachenga au mchemraba wa supu wa konsome ili kufidia ladha. Dashi ya chengachenga ni karibu asilimia 40 chumvi tupu. Mchemraba mmoja wa konsome una chumvi zaidi ya gramu 2. Umeitoa chumvi mlangoni, imeingia dirishani. Na shoyu (sosi ya soya) ya usukuchi, ambayo jina lake lina maana ya "nyepesi", ni nyepesi ya rangi tu. Ina chumvi nyingi kuliko ile nyeusi ya koikuchi.

Utahitaji vitunguu maji vikubwa 2, karoti 1, mbatata 3 za wastani, uyoga wa shimeji gramu 100, nyanya za kopo zisizo na chumvi gramu 200, nusu tufaha, kitunguu thomu punje 2, tangawizi kipande cha kidole gumba, mafuta ya kula vijiko vya chai 2, na mapaja ya kuku yasiyo na mifupa gramu 300. Ngozi itoe. Nyama ya paja yenye ngozi ina mafuta kama gramu 14 kwa kila gramu 100; bila ngozi inashuka hadi 5. Hakuna hatua nyingine katika mapishi haya inayotoa mafuta mengi namna hiyo kwa kazi ndogo namna hiyo.

Kuhusu mbatata, nunua aina mbili ukiweza. May Queen ni ndefu, hubaki kipande. Chukua 2, zikate. Danshaku ni ya mviringo yenye mabonde, husambaratika. Chukua 1, uikwaruze kwenye kikwaruzo dakika ya mwisho kabla ya kuitia. Hiyo ndiyo inayoziba pengo la uzito ambalo unga peke yake hauwezi.

Kitunguu ndicho kinachobeba utamu, usikikimbize. Kimoja na nusu kikate vipande vyembamba, kifunike, kiwekwe kwenye maikrowevu dakika 5 kwa wati 600. Kinatoka kimelegea na maji yake yameanza kutoka, hivyo hakihitaji kuogelea kwenye mafuta. Kimimine kwenye sufuria yenye kijiko cha chai kimoja cha mafuta, moto wa wastani, ukitandaze, ukiache dakika moja bila kukigusa, kisha ukikoroge. Chini kukishika rangi, nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha maji na ukwangue ile rangi irudi kwenye kitunguu. Rudia hivyo dakika 10 hadi 12, mpaka kiwe rangi ya sukari guru. Ukikoroga mfululizo kitachemka tu na kubaki cheupe. Ukipandisha moto, kingo zitaungua katikati pakiwa pabichi.

Kisogeze pembeni, weka kijiko cha pili cha mafuta, tia thomu, tangawizi na nusu kijiko cha chai cha unga wa kare juu ya ule uliokwisha kupimwa. Sekunde 10 tu. Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana hatukuambii uyaondoe mafuta yote. Kare isiyo na tone la mafuta inanukia vumbi. Sasa tia kuku, ageuke rangi pande zote, kisha karoti, nusu kitunguu kilichobaki kikiwa vipande vikubwa, shimeji, shiitake, nyanya, tufaha lililokwaruzwa, na maji ya kombu yaliyobaki, mililita 450.

Ikichemka, toa povu. Moto mdogo dakika 10, tia May Queen, dakika 10 nyingine. Tia Danshaku iliyokwaruzwa, koroga, dakika 5.

Zima moto. Chota upawa mmoja wa mchuzi wa moto, uumimine kwenye uji wako wa ruu, ukoroge, kisha urudishe wote sufuriani. Washa moto mdogo tena. Hapa watu huona mchuzi umeanza kuwa mzito, wanafurahi, wanazima. Usizime. Wacha utokote polepole dakika 8 hadi 10 huku mwiko ukifika chini kila baada ya nusu dakika, kwa sababu unga unatua na kushika. Usipotokota vya kutosha utabaki na ladha ya unga nyuma ya ulimi, na kesho utakuta umelegea. Upo sawa pale unapopitisha mwiko chini ya sufuria na njia ikabaki wazi sekunde moja kabla ya kujifunga.

Ukitaka ule ujazo wa mdomoni, tia kijiko cha chai cha siagi ya karanga isiyo na sukari wala chumvi, au mililita 50 za maziwa yenye mafuta kidogo baada ya kuzima. Maziwa ya soya yakichemka pamoja na nyanya yanakatika. Siyo sumu, ila yanatia aibu mezani.

Chumvi inaingia mwisho

Nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, gramu 3, na shoyu vijiko vya chai 2. Basi. Ukijumlisha na iliyomo kwenye kombu na kuku, unapata kama gramu 1.4 kwa sahani badala ya 3. Mafuta ya sahani nzima, kuku akiwemo, yanakuwa karibu gramu 6. Chumvi itiwayo mwanzo huzama ndani ya mbatata na nyama ambako ulimi hauioni sana, mpishi akionja anaongeza nyingine. Baada ya kuzima, kamulia kijiko cha chai kimoja cha limau. Uchachu mdogo unaifanya chumvi kidogo isikike, na hauonekani kuwa ni limau.

Pilipili manga ya mume wako iende kwenye sahani yake, isiingie sufuriani. Na mtu asiwauzie chumvi mbadala ya potasiamu kabla ya daktari kuangalia figo zake.

Achari nyekundu ya fukujinzuke inayowekwa pembeni ina chumvi gramu 5 katika gramu 100. Vijiko viwili vya kujaza vinarudisha gramu 1 kwenye sahani uliyoihangaikia. Rakkyo, vile vitunguu vidogo vya siki, wana chini ya nusu ya hapo. Kachumbari ya kitunguu na kabichi kwa limau, bila chumvi, inafanya kazi ileile ya kukata uzito wa kare, na hiyo huhitaji kufundishwa.

Ushauri wetu ni huu: usiwabadilishie watoto siku moja. Sufuria tatu za kwanza, tumia gramu 40 za ruu ya boksi pamoja na nusu ya ruu kavu, usitie chumvi yoyote, shoyu kijiko cha chai kimoja tu. Chumvi itakuwa karibu sawa na ya mapishi kamili, na harufu wanayoijua itakuwepo. Sufuria tatu zinazofuata, gramu 20, ruu kavu uiongeze, na chumvi robo kijiko cha chai. Halafu acha boksi.

Wali

Genmai yako ilikuwa ngumu kwa sababu pumba linazuia maji kuingia. Mchele mweupe unatosheka na kuloweka dakika 30; genmai inataka saa 6 au zaidi, na mstari wake wenyewe kwenye jiko la wali. Lakini kwa watoto wanaoanza, sisi tusingepita njia hiyo. Pika mugi gohan: mchele mweupe vikombe 2 vya jiko la wali, gramu 300, uoshe, utie maji hadi mstari wa 2, kisha ongeza gramu 60 za oshimugi, ile shayiri iliyobanwa ikawa bapa, pamoja na maji mililita 120 zaidi. Shayiri inakunywa maji mara mbili ya uzito wake. Ukisahau hayo ya ziada, wali wote unakauka. Loweka nusu saa, pika kama kawaida. Nyuzinyuzi zake ni za kuyeyuka, zinazosaidia upande wa lehemu, na ladha yake watoto hawaipigii kelele kama genmai.

Shayiri na kare si wageni kwa kila mmoja. Jeshi la majini la Japani katika miaka ya 1880 lilikuwa likipoteza mabaharia kwa beriberi, kwa sababu waliishi kwa wali mweupe uliokobolewa hadi vitamini B1 ikaisha. Daktari wao, Takaki Kanehiro, aliwabadilishia chakula, shayiri ikawemo. Kare iliyopokewa kutoka kwa Waingereza ikaja kuingia kwenye jiko hilohilo. Kitabu cha mapishi cha jeshi hilo cha mwaka 1908 kina maelekezo yake. Wanamaji wa Japani bado wanaila kila Ijumaa.

Lakini wali hata uwe na shayiri ni wali. Sahani ya kare ya kushiba ya mtu mzima hufika gramu 300 za wali uliopikwa, karibu kalori 470. Weka sahani kwenye mizani ya jikoni mara moja, pima gramu 180, uone inafika wapi. Pengo lijaze kwa kabichi na mboga za kuchemsha pembeni, siyo kwa kumwambia mtu ale kidogo.

Kiporo

Wajapani wanasifu sana kare ya siku ya pili, na wengi huiacha jikoni usiku kucha. Usifanye. Kuna bakteria ambao mbegu zao zinastahimili kuchemshwa, na sufuria nzito ya kare inayopoa polepole, isiyo na hewa katikati, ndiyo mahali wanapozaliana. Imimine kwenye vyombo bapa, ipoe haraka, iingie friji ndani ya saa 2. Ukiipasha, ikoroge hadi chini ichemke kwelikweli. Ukitaka kuigandisha, toa mbatata au zivuruge kwanza, maana kipande cha mbatata kikitoka kwenye barafu kinakuwa sponji.

Kusoma boksi

Alama ya kuitafuta ni 豚, nguruwe. 豚脂 ni mafuta yake, ラード ni hayohayo kwa jina la kigeni, ポークエキス ni supu yake iliyokolezwa. 牛脂 ni mafuta ya ng'ombe. Hapo swali linabaki la machinjo. Angalia pia sehemu ya vizio (vitu vinavyoleta mzio), ambako nguruwe huandikwa 豚肉. Neno 乳化剤, kiungo cha kushikamanisha mafuta na maji, halisemi limetokana na nini, kwa hiyo bila alama ya ハラール, halali, huwezi kujua. Kwenye shoyu, 酒精 ni alkoholi iliyoongezwa. Zipo zisizo nayo. Chumvi imeandikwa 食塩相当量, na kabla ya kuamini namba hiyo soma kama ni kwa gramu 100 au kwa 1皿分, sahani moja, na sahani hiyo wameihesabu kuwa gramu ngapi za ruu. Ukishaanza kutumia ruu kavu, utabaki kusoma unga wa kare na shoyu tu.

Bento ya siku ya kare: jaza chupa ya chakula inayotunza joto kwa maji yanayochemka, funga, subiri dakika 5, mwaga. Kare iingie ikiwa inachemka, ifunikwe mara moja. Wali uende kwenye kopo lake, ili mwanao aumimine mwenyewe mezani kama wenzake.